Odoo kwenye Docker: kila nikizima nikiwasha naanza upya, data inaenda wapi? (laptop ramu GB 8)

StooKongo (mleta mada)

Wakuu habari za jioni, poleni na foleni. Naomba msaada kwa wanaoijua Docker (ile ya kuendesha programu ndani ya makontena yaliyotengwa) maana leo siku ya nne inanitoa jasho.

Iko hivi, kuna mama mmoja ana duka la jumla la khanga na vitenge Kariakoo, stoo yake yote iko kwenye kaunta buku, nikamshawishi tuhamie Odoo 17 (programu ya kuendesha biashara) ile Community ya bure. Sasa yeye rejareja anauza kwa doti, akija mtu wa mikoani anauza kwa korja, na Odoo korja haiijui, yenyewe imekuja na dazeni tu. Nikaongeza kipimo cha korja nikaweka ni 20, nikaanza na kamoduli kadogo ka ripoti ya stoo ili ajue jioni amebakiwa na korja ngapi na doti za reja ngapi. Nafanyia kazi nyumbani Tabata kwenye laptop yangu, Windows 11 na WSL2 (Linux ndani ya Windows), baadaye ndo nipandishe kwenye seva.

Tatizo la kwanza, usiku naingiza bidhaa kama 60 na picha zake, nazima, asubuhi nikiwasha Odoo inaniletea ile fomu ya kutengeneza databesi mpya kabisa kana kwamba hatujawahi kuonana. Na volyumu (sehemu ya kutunzia data nje ya kontena) NIMEWEKA, angalieni wenyewe faili langu la compose:

```
services:
  db:
    image: postgres:16
    environment:
      - POSTGRES_DB=postgres
      - POSTGRES_USER=odoo
      - POSTGRES_PASSWORD=odoo
    volumes:
      - dbdata:/var/lib/postgresql/data
  odoo:
    image: odoo:17
    depends_on:
      - db
    ports:
      - "8069:8069"
    environment:
      - HOST=db
      - USER=odoo
      - PASSWORD=odoo
    volumes:
      - ./addons:/mnt/extra-addons
volumes:
  dbdata:
```

Tatizo la pili, nikibadilisha kodi (za programu, sio zile za mapato) kwenye moduli yangu hakuna kinachoonekana kwenye brauza, mpaka nizime vyote niwashe. Tatu laptop inakuwa nzito mpaka feni inalia kama jenereta.

Halafu juzi umeme ulikatika na betri yangu ni ya mapambo tu, nilipowasha nikaona kwenye logi *database system was not properly shut down; automatic recovery in progress*. Je ndo imeharibika hapo?

mzee_wa_xampp

Dogo achana na hayo makontena. Weka Ubuntu, weka Postgres (programu ya databesi), weka Odoo moja kwa moja, kazi kwisha. Sisi tumefanya hivyo miaka na hatujafa. Vijana mnapenda kubeba mlima ili mfike bondeni.

fundi_kontena

@mzee_wa_xampp shikamoo mzee, ila hapo tupishane kidogo. Mimi nina mteja yuko Odoo 15 na mwingine 17, na 17 haitaki Python chini ya 3.10, ukiviweka vyote kwenye mashine moja bila kuvitenga utalia. Halafu ile wkhtmltopdf inayotoa ankara za PDF, ukiivuta kutoka apt ya kawaida unapata toleo lenye Qt (maktaba ya kuchora kurasa) ambayo haijafanyiwa marekebisho, ankara inatoka haina kichwa wala mguu, nembo ya duka imepotea, mteja anakupigia saa tatu usiku. Imeji rasmi ya Odoo (kifurushi kinachozaa kontena) imekuja nayo iliyo sawa. Mimi kwa hiyo peke yake nilihamia.

@StooKongo hiyo logi ya umeme isikutishe, Postgres inasema tu kwamba ilizimwa ghafla kwa hiyo inasoma kumbukumbu zake za miamala inajiweka sawa, ikimaliza inaandika *ready to accept connections* maisha yanaendelea. Haikufuti bidhaa 60.

Faili lako mbona zuri tu, hata lile la HOST=db umepatia, wengi wanaandika localhost wanashangaa Odoo haioni databesi wakati localhost ndani ya kontena ni kontena lenyewe. Swali langu moja, UNAZIMAJE? Niandikie komandi yenyewe, usinisimulie.

StooKongo

Kuna skripti nilikopi kwenye video moja, nimeiita zima.sh, ndani kuna mstari mmoja

```
docker compose down -v --remove-orphans
```

Jamaa alisema inazima "kwa usafi".

dogo_mbezi

Hahahaaa usafi umepita mpaka kwenye kabati la nguo

fundi_kontena

Ndo mchawi wako huyo, hiyo `-v`. Watu wengi wanadhani ni ile -v ya kuonyesha maelezo marefu kama kwenye programu nyingine, hapana, hapo ni volyumu, maana yake zima kontena, futa kontena, na futa volyumu zote zilizoandikwa kwenye faili. Kila usiku ulikuwa unaichoma stoo ya mama mwenyewe kwa mkono wako, pole sana.

Komandi ziko tatu usizichanganye. `docker compose stop` inazima tu, kontena linabaki pale limelala. `docker compose down` inazima na kufuta kontena na mtandao wao ila volyumu yenye jina kama hiyo dbdata inabaki. `down -v` inafagia. Kwa kazi ya kila siku tumia stop, hiyo nyingine ya kufagia ukiitaka uiandike kwa vidole siku unajua kabisa unataka kuanza upya, isikae kwenye skripti kamwe.

Tena umefanya vizuri kuandika postgres:16. Usije ukashawishika kuweka latest, siku ukivuta imeji ikaja toleo kubwa jipya linagoma kusoma data ya toleo la zamani, na kuanzia 18 hata sehemu inapowekwa data ndani ya imeji imehamishwa, kwa hiyo hiyo njia yako ya /var/lib/postgresql/data pale haikubaliki. Ukitaka kuhama toleo unatoa bakapu kwanza, unaingiza upya.

StooKongo

Aisee. Siku nne.

Nimetoa hiyo -v, nimeingiza bidhaa upya (nimeanza na 20 tu maana moyo umekufa), nikafanya `down`, nikawasha. Databesi ipo! Korja ipo! Ila wakuu kuna kituko kipya, picha za khanga zote zimekuwa kile kikamera cha kijivu, nimetolewa nje nikaambiwa niingie upya, na ukurasa wenyewe umekuja umevurugika hauna rangi hauna mpangilio kama tovuti za zamani. Logi imejaa FileNotFoundError na njia ndefu ya /var/lib/odoo/filestore. Sasa data ipo au haipo?

BintiMwananyamala

Ipo nusu kaka. Hili lilinikuta mimi, nilirudisha databesi ya mteja kwa pg_dump (bakapu ya Postgres peke yake) nikajiona mjanja, kufungua ukurasa uko uchi hivyohivyo.

Odoo haiweki vyote kwenye Postgres. Majina, bei, idadi, miamala, hivyo viko kwenye databesi. Lakini picha za bidhaa, viambatanisho, hata zile CSS na JavaScript inazozikusanya kwa ajili ya brauza, inaviweka kama mafaili ya kawaida ndani ya /var/lib/odoo/filestore/jina-la-databesi, na kwenye databesi inabaki anuani tu. Vikao vya watu walioingia navyo viko folda hilohilo la /var/lib/odoo ndo maana ulitolewa nje. Wewe umeweka volyumu ya Postgres peke yake, upande wa Odoo hujaweka, kwa hiyo Docker inajitengenezea volyumu isiyo na jina, ukifanya down kontena likafutwa, linalofuata linapewa volyumu nyingine tupu. Databesi inasema picha iko rafu ya tatu, ukienda rafu yenyewe haipo.

Ongeza kwenye odoo:

```
    volumes:
      - odoodata:/var/lib/odoo
      - ./addons:/mnt/extra-addons
```

na chini kabisa kwenye volumes uandike `odoodata:` pembeni ya dbdata.

Usiingize picha upya bado. Kwa kuwa mara hii hukutumia -v, ile volyumu isiyo na jina bado ipo inaelea. Piga `docker volume ls -f dangling=true`, zitakuja zenye majina marefu ya namba na herufi, chungulia moja moja hivi

```
docker run --rm -v JINAREFU:/x alpine ls /x
```

ukikuta folda la filestore lenye databesi yako ndani ndo hiyo. Washa compose mara moja ili odoodata izaliwe, halafu stop, halafu

```
docker run --rm -v JINAREFU:/toka -v stoo_odoodata:/kwenda alpine cp -a /toka/. /kwenda/
```

Hiyo "stoo" ya mbele nimekisia ni jina la folda lako, angalia kwa `docker volume ls`. Na usiguse `docker volume prune` mpaka tumalize, nakuomba.

StooKongo

Dada Mungu akubariki, zimerudi zote 20 mpaka ile khanga yenye maandishi ambayo mama alisema nisipoiweka tugombane. Folda ndo linaitwa stoo kweli, umejuaje

Sasa kwenye lile la kodi kutobadilika. Na uzito.

BintiMwananyamala

Folda la mradi umeliweka wapi, C au ndani ya Linux?

StooKongo

C, kwenye Documents. Terminali inaonyesha /mnt/c/Users/...

BintiMwananyamala

Basi mengi yanatokea hapo. WSL2 ni kama kompyuta ndogo ya Linux ndani ya Windows yako, ikitaka faili lililoko C inabidi ipitie mlango wa katikati, na kila kafaili kamoja ka moduli yako kanapita hapo. Mbaya zaidi ule mlango haupitishi habari za "faili hili limebadilika", kwa hiyo hata ukiiambia Odoo ijiwashe yenyewe ukibadilisha kodi, haisikii. Hamishia mradi ndani ya Linux, yaani /home/jina-lako, halafu fungua VS Code ukiwa humo kwa `code .` utaona tofauti mwenyewe.

Baada ya hapo weka kwenye odoo mstari huu

```
    command: --dev=reload,xml
```

reload inajiristati ukigusa faili la Python, xml inasoma muonekano moja kwa moja kutoka kwenye faili badala ya databesi. Ila ukiongeza safu mpya kwenye modeli, mfano ukaweka `korja_zilizobaki` iwe inahifadhiwa, hiyo lazima uapdeti moduli maana Postgres bado haina hiyo kolamu. Na hapa watu wanakwama, wanatumia `docker compose exec`, inawaambia haioni databesi. Sababu ni kwamba exec inaruka ile skripti ya mwanzo ya imeji, na hiyo skripti ndo inayochukua HOST na PASSWORD kuipa Odoo. Tumia run:

```
docker compose run --rm odoo odoo -d stoo -u duka_stoo --stop-after-init
```

odoo ya kwanza ni jina la sehisi kwenye faili lako, ya pili ni programu. Sijakosea kuandika mara mbili. *Servisi, simu hii inanirekebisha.

Uzito, tengeneza faili linaitwa .wslconfig kwenye folda lako la C:\Users\jina, andika

```
[wsl2]
memory=3GB
```

kisha `wsl --shutdown`, washa tena. Usipoiwekea mpaka WSL inaweza kujichukulia nusu ya ramu yote, na kwa GB 8 ukifungua na Chrome hapo umekwisha. Odoo yenyewe ukiwa peke yako usiiwekee workers (michakato ya ziada ya kuhudumia watu wengi), iache kwenye sifuri kama ilivyokuja.

dogo_mbezi

Mi naongezea la bando tu kwa sababu hakuna anayelisema. Imeji ya Odoo sio ndogo, ukiwa unatumia bando la simu unaweza kulia. Ikikatikia njiani leya (vipande vya imeji) zilizokamilika hairudii, ila ile iliyokuwa nusu inaweza kuanza moja. Sisi huku tunafanya hivi, mmoja anavuta ofisini kwenye waifai, halafu

```
docker save -o odoo17.tar odoo:17 postgres:16
```

anaweka kwenye flashi, wengine tunapiga `docker load -i odoo17.tar` nyumbani, hakuna hata MB moja imeliwa. Ukiwa na wenzako watatu mtaani mshaokoa hela ya chipsi mayai ya wiki.

mzee_wa_xampp

Hiyo ya flashi nimeielewa.

StooKongo

WAKUU IMEPOTEA TENA. Nimehamishia Linux kama dada alivyosema, nimekopi folda lote nikaliita stoo-mpya ili la zamani libaki kama akiba, nikaandika up, fomu ya databesi mpya hiyo hapo. Na -v sijagusa naapa. Nimeacha kila kitu kama kilivyo, sijabonyeza kitu.

fundi_kontena

Umefanya vizuri kutobonyeza. Tulia, kunywa maji, haijapotea.

Piga `docker volume ls`. Utaona stoo_dbdata na stoo_odoodata, na pembeni stoo-mpya_dbdata na stoo-mpya_odoodata. Compose ikikuta hujaupa mradi jina inachukua jina la folda, inalibandika mbele ya kila volyumu. Umebadilisha folda, kwake huu ni mradi mwingine, ikakupa volyumu mpya tupu. Za zamani ziko palepale, na hazikuwahi kuwa ndani ya lile folda la Documents hata siku moja, kwa hiyo ile "akiba" yako ni ya kodi tu, data haimo.

Fanya `docker compose down` ukiwa ndani ya stoo-mpya (bila ile herufi!), kisha mstari wa kwanza kabisa wa faili uandike

```
name: stoo
```

washa. Kuanzia hapo hata folda uliite mbuzi itatafuta stoo_dbdata. Na lile la zamani la Documents usiliwashe tena, yote mawili sasa yanaitwa stoo, yatagombania kontena zilezile.

StooKongo

Imerudi. Natetemeka ila imerudi. Na nimebadilisha neno moja kwenye XML nikarifreshi brauza likabadilika hapohapo, sikuamini nikabadilisha tena.

Akiba ya kweli ya data basi naifanyaje? Na jumamosi mama ananipa flashi yenye databesi ya majaribio ambayo mpwa wake aliiweka kwenye seva, ina wateja wa kweli na namba zao, nataka niirudishe huku kwangu.

BintiMwananyamala

Akiba nenda localhost:8069/web/database/manager, bonyeza Backup, chagua zip sio dump. Zip inabeba databesi pamoja na filestore, dump inabeba databesi peke yake utarudi kulekule kwa picha za kijivu. Iweke nje ya laptop.

Sasa hilo la jumamosi soma taratibu. Ukirudisha databesi ya mteja kwenye laptop yako, inakuja na kila kitu, pamoja na mpangilio wa seva ya barua pepe na zile kazi zinazojiendesha zenyewe kila baada ya muda. Laptop yako haijui kwamba yenyewe ni ya majaribio. Mimi niliwahi kurudisha ya mteja saa nne usiku, nikaenda kuoga, natoka nakuta Odoo imeshawakumbusha watu madeni yao, wengine walishalipa wiki mbili nyuma kwenye mfumo halisi. Asubuhi nilikuwa naandika samahani mpaka kwa fundi wa AC.

Kuanzia Odoo 16, pale unaporudisha kuna kisanduku cha Neutralize, kitie tiki. Kinazima seva za barua na hizo kazi za ratiba kwenye kopi yako. Ila kinazima vile ambavyo moduli yenyewe imesema vizimwe, kila moduli inakuwa na faili lake data/neutralize.sql. Kama huyo mpwa ameweka moduli ya kutuma risiti za VFD (zile za kielektroniki za TRA) na mtengenezaji hakuandika hilo faili, funguo za kutumia zitabaki hai, na ukijaribu kuuza doti moja kwenye laptop Tabata unaweza kutoa risiti ya kweli yenye VAT ya asilimia 18. Ingia kwenye mipangilio uzifute kwa mkono kabla hujagusa mauzo. Tena ukitaka kuwa na amani kabisa rudisha ukiwa umezima intaneti.

StooKongo

Mpwa amesema VFD ndo kwanza walikuwa wanajaribu kuiunganisha, funguo zimo. Duh. Nitazima waifai kwanza, halafu tiki, halafu nazifuta.

zima.sh nimeifuta. Sa hivi nina simama.sh ina `docker compose stop` basi.

mzee_wa_xampp

@dogo_mbezi hiyo tar ya odoo17 bado unayo? Niko Makumbusho kesho mchana.

dogo_mbezi

Ninayo mzee, ila uje na flashi yako, ya GB 8 inatosha. Na iwe imefomatiwa exFAT au NTFS, zile za FAT32 faili likizidi GB 4 zinagoma, usije ukanilaumu stendi.